Mrija wa kiko cha Afande: eboniti, akriliki au pembe ya Ankole?

Kiko chenyewe ni cha mzizi wa bryari (mbao ngumu ya viko), kimepinda kidogo, kilichongwa Uingereza, na maandishi ya shingoni yamesuguliwa na vidole hadi hayasomeki tena. Kililetwa karakanani kwangu Katwe, Kampala, kikiwa vipande viwili ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki): bori na shingo yake huku, mrija kule. Mrija ulikuwa mweusi zamani. Sasa ulikuwa na rangi ya majani makavu ya migomba. Mwenye kiko ni mzee wa Bombo, dereva mstaafu wa jeshi, ambaye mtaa mzima humwita Afande. Aliyekileta ni mwanawe, na alikuja akiwa ameshaamua.

"Fundi, mpira huu umeoza. Nimeagiza mrija mpya wa akriliki, huu hapa. Mwekee mzee huu, ule wa zamani utupe."

Sikuutupa, na kisa chote kinatokana na hapo. Nakieleza kwa urefu kwa sababu wavutaji wengi wa kiko ninaowahudumia huchagua mrija kwa kuutazama: unang'aa au haung'ai, una rangi gani, unafanana na wa nani. Mimi nashikilia kwamba mrija huamuliwa na mambo matatu yasiyoonekana dukani: meno ya mvutaji, mate yake, na mahali kiko kinapolala. Mdomo wa Afande ulithibitisha hilo kuliko mdomo wowote niliowahi kuuhudumia.

Kwa asiyezoea vifaa hivi: tumbaku hukaa kwenye bori. Bori lina shingo yenye tundu. Mrija una ulimi, kijiti cha duara kinachoingia kwenye tundu hilo kwa kukazwa bila gundi, ili uweze kuchomolewa na kusafishwa. Upande wa mdomoni mrija ni bapa, na mwisho wake una kifundo, ukingo ulioinuka ambao meno hukaa nyuma yake ili kiko kisiteleze. Shida karibu zote za mrija hutokea kwenye ulimi au kwenye kifundo. Katikati hapana neno.

Mrija wa Afande ulikatikia kwenye ulimi, na sababu yake ni ile ya kawaida: aliuchomoa kiko kikiwa bado cha moto. Moshi wa tumbaku huacha mvuke ndani ya shingo, mbao huvimba na kuubana ulimi, na ulimi wenyewe umelainika kwa joto. Ukizungusha wakati huo, kinachokatika ni ulimi, na bahati ikiwa mbaya, shingo inapasuka. Afande alikuwa na haraka ya kutoa unyevu uliokuwa ukikoroma kwenye mrija. Anavuta tumbaku ya majani inayotoka upande wa Arua, tumbaku kali inayoungua kwa moto mwingi, na huivuta ikiwa bado na unyevu. Kiko chake kikivutwa huloa ndani. Hilo nililiweka akilini tangu siku ya kwanza, na baadaye ndilo lililoihukumu pembe.

Kabla ya chochote, nilimwomba mwanawe anipe namba ya mzee, nikampigia mwenyewe. Nilitaka kujua mambo ambayo mtoto hawezi kujibu. Unang'ata kiko au unakishika kwa mkono? Unang'ata upande gani? Meno ya hapo ni yako? Akacheka, akasema ya juu ni ya daktari, ya chini ni ya Mungu, na kwamba kiko hakitoki mdomoni tangu anapokiwasha mpaka kizime chenyewe. Usiku anakiweka wapi? Dirishani. Na akisafiri? Mbele ya kioo cha gari. Unakisafisha na nini? Waragi.

Majibu hayo yalinipa nusu ya kazi. Meno bandia ya juu, meno halisi ya chini, kung'ata kwa muda mrefu, jua la dirishani na la kwenye gari, pombe kali ya kusafishia, tumbaku yenye maji. Hakuna mrija unaostahimili yote hayo kwa pamoja. Kazi ikawa kujua ni lipi kati ya hayo mzee yuko tayari kulibadilisha, na lipi hawezi.

Nianze na mrija wake wa zamani, kwa sababu ndio uliodharauliwa. Ni wa eboniti, mpira mgumu. Mwaka 1844 Charles Goodyear alipata hataza ya Marekani ya kupika utomvu wa mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Thomas Hancock alikuwa ameomba yake Uingereza muda mfupi kabla. Salfa kidogo hutoa mpira wa kunyumbulika, kama wa tairi. Salfa nyingi sana, robo ya uzito au zaidi, hutoa kitu kigumu cheusi kinachokubali kukerezwa na kung'arishwa kama mpingo. Huo ndio mpira mgumu ambao Nelson Goodyear, nduguye Charles, aliuwekea hataza mwaka 1851. Viwanda vya viko vya Uingereza vikaupokea kwa mikono miwili, na hata leo watengenezaji wanaofuata mtindo wa Kiingereza huuona kuwa mrija halisi wa kiko. Midomo ya klarineti na saksafoni, ile wanayopuliza wapiga bendi wetu harusini na misibani, nayo hutengenezwa kwa eboniti mpaka sasa.

Sifa yake kubwa ni kwamba jino linaipenda. Ni ngumu ya kutosha kushika umbo, na laini ya kutosha kukubali jino bila kulisukuma. Mtu anayeng'ata kiko kwa saa nzima hasikii ukakasi.

Udhaifu wake uko kwenye salfa ileile. Mwanga wa jua na hewa huishambulia eboniti kutoka juu, salfa hutoka kwenye uso wake, na weusi hugeuka kahawia, kisha kijani kibichi chenye vumbi. Uso unakuwa mkavu, unakwaruza ulimi wa mvutaji, na una uchungu mdomoni pamoja na harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa. Mwanawe Afande aliona rangi hiyo na kusikia harufu hiyo, akasema umeoza. Nilimwelewa. Lakini uozo huo ni ngozi tu. Nilikwaruza mahali padogo chini ya mrija kwa kisu, na mara moja weusi ukatokea, mweusi tititi. Nikauweka pembeni.

Akriliki aliyoileta ilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila kinyongo. Ilikuwa ya rangi ya asali yenye mawimbi ya kahawia, imeng'arishwa vizuri, na tundu lake la moshi lilikuwa limenyooka. Ni plastiki ileile ya vioo visivyovunjika kirahisi iliyoanza kuuzwa miaka ya 1930 kwa majina kama Plexiglas, Perspex na Lucite. Watengenezaji wengi wa Italia huitumia, na sababu zao ni za maana. Haigeuki kijani. Haina ladha wala harufu. Ukiifuta kwa kitambaa chenye maji, usafi umekwisha. Kwa mtu anayeacha kiko mbele ya kioo cha gari, hakuna kinachoishinda.

Nikachonga ulimi wake utoshee shingo ya Afande, baada ya kukitoa kipande cha ulimi wa zamani kilichonasa shingoni (kazi hiyo nitaieleza chini), nikampelekea akakijaribu kwa siku kadhaa. Karakanani sikukiwasha. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza kuvuta mahali pa kazi, na mimi nafanya kazi na vijana. Nilipuliza hewa tu kuhakikisha mrija hauna kizuizi.

Akanipigia mwenyewe. "Fundi, mrija huu ni kama kung'ata glasi." Chini, jino lake la kweli lilikuwa linasikia ukakasi. Juu, hali ilikuwa mbaya zaidi: kiko kilikuwa kinateleza. Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia meno ya bandia yenyewe, na nikagundua jambo lililonifurahisha sana. Ufizi wa meno bandia ya kawaida siku hizi ni wa akriliki, plastiki ya jamii ileile. Na kabla ya akriliki kuingia kwa madaktari wa meno mwishoni mwa miaka ya 1930, tangu nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa meno bandia mengi yalikaa juu ya mpira mgumu wa Goodyear. Vitu viwili vinavyoshindania mdomo wa mvutaji wa kiko vilishindania mdomo wa asiye na meno kabla yake. Kwa Afande maana yake ilikuwa rahisi: kigumu kilikuwa kinasugua kigumu, vyote vimeng'aa na vimelowa mate. Hakukuwa na cha kushika.

Kuna dawa ya kuteleza huko. Huuzwa vifuko vidogo vya mpira laini vinavyovishwa juu ya kifundo. Afande alikataa kabla sijamaliza sentensi. Alisema havuti chuchu ya mtoto. Ni haki yake. Kifuko hicho pia hunenepesha mrija, na mtu anayeng'ata anataka mrija mwembamba, karibu milimita 4 nyuma ya kifundo, ili taya lisichoke.

Kulikuwa na tatizo lingine ambalo yeye hakuliona. Alikuwa ameendelea kusafisha kwa waragi, na si kwa kufuta: aliuacha mrija ndani ya gilasi yenye waragi usiku. Akriliki iliyokerezwa huwa na mkazo ndani yake, na pombe ikikaa juu yake huleta nyufa nyembamba kama nywele. Nilipoushika mrija kwenye mwanga niliona chache zimeanza karibu na ulimi, pale nilipokuwa nimekereza mimi. Waragi kidogo kwenye waya wa kusafishia, upite haraka kisha ukaushwe, hauna shida. Kulaza ndiko kunakoua.

Basi likaja wazo la pembe, na lilitoka kwa jirani yangu wa karakana anayechonga vikombe, vitana na vifungo vya pembe za ng'ombe wa Ankole. Hapa Uganda ni wazo linalokuja lenyewe. Ng'ombe hao wana pembe ambazo kwa mafahari wakubwa hufika mita mbili kutoka ncha hadi ncha, na pembe ilitumika kwa mirija ya viko Ulaya kabla ya eboniti kuwepo. Wazee wetu wa Ankole na Kigezi walivuta viko vya udongo kwa mrija wa mti au mwanzi, mrefu, moshi ufike mdomoni umepoa. Kumrudishia mzee wa Uganda mrija wa pembe ya Uganda kulinipendeza, sitaficha. Nililitaka lifanikiwe.

Lazima niseme ni pembe ipi. Pembe ya ndovu haiguswi, hata kipande cha zamani, hata ukiambiwa ni cha urithi. Biashara yake ni kosa kubwa na adhabu yake ni nzito. Pembe ya nyati nayo ni mali ya wanyamapori. Na hata ya ng'ombe si yoyote: inayotakiwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa machinjioni na kupimwa na daktari wa mifugo. Ng'ombe aliyejifia malishoni anaweza kuwa alikufa kwa kimeta, na mbegu za kimeta hukaa muda mrefu kwenye ngozi, nywele na mifupa. Vumbi la kukereza pembe ya namna hiyo, ukalivuta puani, linaweza kukuua. Kwa hiyo hata pembe safi tunaifanyia kazi tukiwa tumefunika pua.

Sehemu kubwa ya pembe ni ganda tupu lililofunika mfupa. Panapofaa kwa mrija ni nchani tu, ambapo pamejaa, na kwa Ankole ncha mara nyingi ni nyeusi hata pembe ikiwa nyeupe. Pembe ni keratini, kama kucha na nywele, na nyuzi zake zinakwenda kwa urefu. Keekee hupenda kuzifuata nyuzi hizo na kupotea njia, kwa hiyo tundu la moshi tulilitoboa kutoka pande zote mbili mpaka likutane katikati. Unapoipiga tupa inanuka nywele zilizoungua. Eboniti ukiipiga tupa inanuka salfa. Fundi akifumba macho anaweza kujua kilicho kwenye jiliwa.

Ulimi sikuuchonga kwenye pembe yenyewe. Pembe hunywa maji na kuvimba, na shingo ya Afande ilikuwa ya kuloa. Niliweka ulimi wa Delrin, plastiki nyeupe ngumu ambayo mafundi wa mashine hutengenezea bushi na gia. Haivimbi, haivunjiki kirahisi, na inateleza vizuri ndani ya shingo.

Mzee aliipenda pembe kwa namna ambayo hakuwahi kuipenda akriliki. Alisema jino linatua. Meno ya juu hayakuteleza, kwa sababu uso wa pembe una ukavu fulani hata ukiwa umeng'arishwa. Mwanawe naye akafurahi kwa kuwa ilikuwa nzuri kutazama, nyeusi yenye mstari wa rangi ya maziwa unaopita ubavuni.

Kisha mvua zikaanza, na mrija ukarudi. Nyuma ya kifundo, pale jino linapokaa, pembe ilikuwa imeanza kuinuka matabaka, nyembamba kama karatasi, na ulimi wa mzee ulikuwa unayasikia. Nilitazama kwa lenzi: nyuzi zilikuwa zimeachana. Mate na mvuke vilikuwa vinaingia kila siku, mrija haupati nafasi ya kukauka, na kwa kuwa mzee hakuwa na kiko kingine, ulivutwa asubuhi, mchana na jioni. Pembe inahitaji kupumzika. Ikivutwa leo ikae siku mbili tatu, ikapakwa mafuta kidogo, itadumu sana. Mtu mwenye viko sita atafurahia pembe maisha yake yote. Mwenye kimoja, anayeng'ata tangu alfajiri, ataitafuna.

Wakati nikitafakari la kufanya, mtu mmoja wa karibu alileta pendekezo ambalo sina budi kulitaja, kwa sababu najua linasikika mitaani. Alisema masanduku ya betri za magari ya zamani yalikuwa ya mpira mgumu, na Katwe vipande vyake havikosekani. Kwa nini tusikereze mrija kutoka humo? Ni kweli kwamba zamani masanduku hayo yalitengenezwa kwa mpira mgumu. Ni kweli pia kwamba yameishi miaka mingi yakiwa na madini ya risasi na tindikali ndani. Risasi ni sumu ya ubongo na figo, na mrija wa kiko hukaa mdomoni. Yeyote atakayekuuzia mrija wa "mpira wa betri" mkimbie. Vivyo hivyo mabomba ya PVC ya maji: ukiyapasha moto kupita kiasi ili uyapinde yanaweza kutoa gesi inayochoma mapafu. Plastiki usiyoijua jina lake haiingii mdomoni mwa mtu.

Fimbo mpya ya eboniti hutoka nje, Ujerumani au Japani, na kwa mrija mmoja gharama ya kuagiza ilizidi thamani ya kiko. Basi nikaurudia ule mrija wa zamani ulioambiwa utupwe. Kilichokuwa kimekatika ni ulimi peke yake. Mwili wote ulikuwa mzima, ukiacha ngozi iliyochakaa, alama za meno, na tundu dogo chini karibu na kifundo ambapo jino la Mungu lilikuwa limepenya baada ya miaka mingi.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa utaratibu, kwa kuwa mtu mwenye zana za kawaida anaweza kuifanya.

Kile kipande kilichonasa shingoni nilikuwa nimekitoa mwanzoni kabisa. Niliweka bori kwenye friza la jirani anayeuza soda. Baridi huifanya eboniti isinyae na kuachana na mbao. Kisha skrubu nyembamba, iliyoingizwa taratibu kwenye tundu la moshi la kile kipande mpaka ikashika kidogo tu, ikavutwa kwa kunyooka. Skrubu nene hutanua kipande na kupasua shingo. Hapa ndipo nilipoona shingo ina ufa mdogo kama unywele, pengine tangu siku ulimi ulipokatika. Nilivisha pete nyembamba ya shaba mwishoni mwa shingo kuubana.

Uso wa mrija uliokatika niliusawazisha mpaka ukakaa pembe mraba na tundu. Hapa hakuna msamaha: ukiinama kidogo, mrija na shingo havitakutana, na mwanga utapita katikati. Nikatoboa milimita 6 kufuata njia ya moshi, nikakereza ulimi mpya wa Delrin, upande mmoja milimita 6 wa kuingia kwenye mrija, upande mwingine mnene kidogo kulingana na shingo. Delrin haishiki gundi kirahisi, kwa hiyo upande wa kuingia mrijani niliuchora mifereji kwa ncha ya msumeno na kuukwaruza kwa msasa, epoksi ipate pa kung'ang'ania. Kabla ya gundi nilipitisha waya uliopakwa vaselini ndani ya tundu la moshi lisizibe. Ukalala hadi kesho yake.

Alama za meno nilizifuata kwa joto, na hapa eboniti inafanya jambo ambalo akriliki haiwezi kulifanya vizuri. Inakumbuka umbo lake. Ukiipasha, mabonde yaliyokandamizwa na meno huinuka yenyewe kuelekea yalivyokuwa. Niliuzungusha mrija juu ya hewa ya moto, waya ukiwa ndani ili njia ya moshi isibanwe, na mabonde yakapanda mbele ya macho yetu. Mwanawe Afande, aliyekuwa amesimama pale, aliacha kuongea. Kumbukumbu hiyo ina ubaya wake pia. Mrija uliopindwa kiwandani ulizaliwa umenyooka, na joto la mbele ya kioo cha gari lilikuwa limeanza kuunyoosha tena. Nikaupinda upya kwa kuulinganisha na mstari niliouchora kwenye karatasi, nikaushika chini ya maji baridi mpaka ukatulia.

Tundu la jino nililiziba kwa supaglu iliyochanganywa na unga laini wa mkaa, tabaka juu ya tabaka, kisha nikakichonga kifundo upya kwa tupa ndogo. Halafu msasa wa maji, kuanzia namba 400, 600, 800, 1000 hadi 2000. Maji yalitoka ya kahawia, yananuka salfa, mpaka yakaja meusi. Yakishakuwa meusi ujue umeifikia eboniti nzima. Mwisho kitambaa na dawa ya kung'arishia, na mafuta meupe ya madini yasiyo na harufu, yale yanayopakwa mbao za kukatia nyama. Mafuta ya kupikia hayafai, huchacha mdomoni.

Nilimpelekea Bombo mwenyewe, pamoja na masharti. Kiko kisitoke kwenye kabati kwenda dirishani. Mrija usichomolewe kabla bori halijapoa mkononi, na uchomolewe kwa kuzungusha. Baada ya kuvuta, ufutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo kisha kikavu. Tumbaku ianikwe ikauke kabla ya kuingia kwenye bori. Na mbele ya mwanawe nilimwambia pia kwamba moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, na hakuna mrija unaobadilisha hilo. Akasema daktari wa meno alimwambia maneno hayohayo. Nikamwomba aende tena kwake akiona kidonda chochote mdomoni kisichopona, hasa upande anaong'ata.

Eboniti ndiyo anayoitumia kila siku. Pembe niliikata sehemu iliyoachana nyuzi, nikachonga kifundo kipya, mrija ukawa mfupi kidogo. Mzee huutumia Ijumaa na siku za wageni, na mpaka sasa haujainuka tena. Akriliki niliisugua mahali penye nyufa na kuirudisha, nayo inakaa garini kwenye kisanduku, kwa safari za Gulu ambako kiko kitashinda juani tu hata nikisema nini. Huko anakishika kwa mkono, hakiumi jino.

Kinachonishughulisha bado ni ufa wa shingoni. Mirija mitatu kwenye shingo moja ni kuzungusha mara tatu zaidi, na ndimi zote tatu nimezipunguza kwa msasa mpaka zinaingia kwa kidole kimoja. Mwanawe ananitumia picha ya ile pete ya shaba kila mwezi. Mstari haujaipita.